Bibi wa Ujiji na seli za ubongo zinazokufa zikitaka kuzaa: uzi mrefu, vuta kigoda

Mwalimu_wa_Mwanga

Wakuu, mwakeye. Mwenye haraka na boti aende tu, hapa tutakaa.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma mjini. Nakaa Mwanga, lakini kila Ijumaa jioni nateremka Ujiji kwa bibi mzaa mama. Bibi ameuza mawese zaidi ya miaka thelathini. Waliosafiri na meli ya Liemba enzi hizo wanawajua akina mama wa aina yake: madumu ya njano yamepangwa mstari, kitenge kiunoni, hesabu zote kichwani. Hakuandika deni hata siku moja. Unamkopa dumu mwezi wa tatu, mwezi wa nane anakukumbusha mpaka shati ulilovaa siku ile.

Ilianza na chumvi. Anaweka mara mbili kwenye migebuka, au haweki kabisa. Tukawa tunacheka, Mungu atusamehe. Halafu akaanza kuuliza, "Liemba imeshapiga honi?" siku ambazo hakuna meli wala dalili ya meli. Mwaka jana alitoka saa nane za usiku na dumu tupu kichwani, wavuvi wakamkuta njiani anateremka ziwani, anawahi meli ya Mpulungu, kule Zambia. Siku hizi mimi ananiita kwa jina la babu. Babu alishafariki mimi nikiwa darasa la pili.

Hospitali tulikwenda, tukaambiwa dalili ni za ugonjwa wa Alzheimer. Mama mdogo hakukubali, kwake yeye bibi kachezewa. Basi kwenye kikao cha ukoo nikasimamishwa: "Wewe ndiye mwalimu wa mambo ya mwili, tuambie ni nini kinakufa mle kichwani na kwa nini." Nikajibu kwa kujiamini kwamba seli za ubongo zimechakaa kwa umri.

Mjomba wangu, fundi boti pale Kibirizi, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbao mbovu. Akasema, "Zimechakaa vipi? Ngozi yake ina umri uleule, ukimkata leo kidonda kinapona. Miguu inamfikisha ziwani usiku. Mbona kuchakaa kumechagua?"

Nilikaa chini. Tangu siku ile nasoma, na nilichokikuta kimenitoa usingizi. Lipo kundi la watafiti ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini limekuwa likisema seli hizi hazifi kwa kuchoka. Kabla ya kufa zinajaribu kitu ambacho zilikiacha kabla mwenyewe hajazaliwa: kugawanyika. Zinataka kuzaa, na zinafia hapo.

Naandika kwa vipande.

Dagaa_Mkavu

Nimevuta kigoda, nimepakua na muhogo kabisa. Tiririka mwalimu.

Muha_wa_Kasulu

Pole kwa bibi mkuu. Ila seli kuzaa tena? Hebu fafanua kwa lugha ya sisi tuliopata F ya baiolojia.

Mwalimu_wa_Mwanga

Asante mkuu. Twende polepole.

Seli inayogawanyika hupita hatua nne. Ya kwanza inaitwa G1, inakula, inanenepa, inajipima kama ina nguvu za kutosha. Ya pili ni S, hapo inanakili DNA yake yote, kila kromosomu kati ya zile 46 inapata pacha. Ya tatu ni G2, inakagua nakala zake kama karani anavyokagua stakabadhi. Ya nne ni M, inajipasua na kutoka seli mbili. Mzunguko huo ndio unaoziba kidonda chako na kuotesha nywele.

Ruhusa ya kutoka hatua moja kwenda nyingine hutolewa na protini mbili zinazofanya kazi kwa jozi. Moja ni saiklini, inatengenezwa na kuharibiwa kwa zamu. Nyingine ni kinasi, ipo muda wote lakini imelala mpaka saiklini yake iishike. Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Nobel mwaka 2001 kwa kufumbua jambo hili, wakitumia hamira na mayai ya viumbe vya baharini, si binadamu. Nalisema hilo kwa makusudi maana kuna mtu atakuja hapa kuuliza panya wanahusianaje na bibi.

Mlango mkubwa upo kati ya G1 na S, na mlinzi wake ni protini inayoitwa Rb. Jina limetokana na retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo inayotokea mlinzi huyo asipokuwepo. Rb amemkumbatia mwenzake anayeitwa E2F. Kinasi zikishaamka zinambandika Rb fosfati nyingi mpaka mikono inalegea, E2F anachomoka, anakwenda kuwasha jeni zote za kunakili DNA. Mlango umefunguka.

Sasa seli ya neva. Unazo kama bilioni 86 kichwani, na karibu zote ziliacha kugawanyika ukiwa bado tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Zimekaa pembeni ya mzunguko, hali inayoitwa G0. Ile uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Kwa hiyo nusu ya jibu la mjomba ni hii: ngozi ya bibi haina umri wa bibi. Ngozi ile ina wiki chache. Ubongo ndio mzee kweli.

BintiUjiji

Mwalimu naomba nikukatize. Nimewahi kusoma kwamba ubongo wa mtu mzima unazalisha seli mpya. Sasa hapa tushike lipi?

Mwalimu_wa_Mwanga

Umeuliza vizuri dada. Mwaka 1998 watafiti waliripoti seli mpya za neva kwenye hipokampasi ya watu wazima, ile sehemu ya ndani inayoshughulika na kumbukumbu. Mwaka 2018 zikatoka tafiti mbili karibu wakati mmoja, moja inasema hazionekani baada ya utoto, nyingine inasema zipo mpaka uzeeni. Wanabishana mpaka leo. Lakini hata wanaosema zipo wanazungumzia seli changa za akiba zinazogawanyika halafu mtoto anageuka neva. Neva iliyokwisha komaa, yenye matawi yake na mkia wake, haijipasui ikawa mbili. Hapo hawabishani.

Nirudi kwenye mstari, maana sasa tunafika penye utamu.

Mwaka 1992 watafiti walipandikiza kwa panya protini ya kirusi fulani ambayo kazi yake ni kumng'ang'ania Rb ili mlango ubaki wazi. Kwenye sehemu nyingine za mwili ukifanya hivyo unapata uvimbe, saratani. Wao waliielekeza kwenye seli za Purkinje, zile neva kubwa za serebela, nyuma ya kichwa, zinazokusaidia kutembea bila kuyumba. Hakuna uvimbe uliotokea. Seli zilikufa. Mwaka huohuo maabara nyingine zikatengeneza panya wasio na Rb kabisa: walifia tumboni, na mfumo wao wa neva ulijaa seli zilizojiua. Tafakari hapo kidogo. Kosa lilelile ambalo kwenye tishu nyingine linaleta uhai uliopitiliza, kwenye neva linaleta kifo.

Lakini hizo ni seli zilizosukumwa kwa nguvu. Je, neva inayokufa kwa sababu zake yenyewe nayo inafanya hivyo?

Mwaka 1995 mtafiti Karl Herrup na mwenzake Busser wakawaangalia panya wanaoyumba kwa kurithi kasoro. Kwa panya hao seli za Purkinje zina hitilafu, kwa hiyo neva nyingine zilizokuwa zinazitegemea zinabaki hazina wa kuongea naye, na zinakufa. Wakazikamata kabla hazijafa. Wakakuta saiklini imepanda na DNA inanakiliwa. Neva yatima, kabla ya kufa, imeingia kwenye foleni ya kuzaa.

Halafu 2001 Herrup akiwa na Yang na Geldmacher wakaenda kwa binadamu. Walichukua ubongo wa watu waliofariki na Alzheimer, wakapaka viashiria vinavyong'aa juu ya sehemu maalumu za kromosomu, wakahesabu madoa ndani ya kila neva. Seli ya kawaida ina madoa mawili, moja la baba, moja la mama. Wao walikuta baadhi ya neva za hipokampasi zina matatu, nyingine manne. Yaani zilishapita ule mlango. Zimenakili DNA. Lakini hakuna iliyokutwa ikijipasua, hatua ya M haikufika. Zimekwama katikati, kama gari la mizigo lililokatika breki likazimika darajani.

Dagaa_Mkavu

Muhogo umepoa nimesahau kula. Kwa hiyo mimba imeingia, uchungu umekuja, mtoto hatoki na mama anakufa?

Mwalimu_wa_Mwanga

Umesema kikatili lakini ndivyo ilivyo.

Mzee_wa_Katonga

Vijana mnapenda maneno makubwa. Mimi namjua huyo bibi wa madumu, naijua na familia. Kuna mtu alimtaka kiwanja akakataa. Hayo ya kromosomu ni sawa, lakini nani kazituma?

Mwalimu_wa_Mwanga

Shikamoo mzee. Kiwanja kweli kipo na ugomvi kweli ulikuwepo, sikatai. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi ya kusahau ya namna hii duniani. Hata kama kila mmoja wao angekuwa na kiwanja, mzee wangu, wachawi wangezidiwa na kazi. Yule mama wa kwanza ambaye daktari Alois Alzheimer alimwona Frankfurt mwaka 1901, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51 tu, naye alikuwa akiulizwa jina la mumewe anajibu jina lake mwenyewe. Alipofariki 1906 wakafungua ubongo wakakuta utando na mafundo ambayo mpaka leo ndiyo alama ya ugonjwa.

Hayo mafundo nataka niyazungumzie, maana ndipo mjomba aliponielewa.

Nesi_Mstaafu

Shikamoo za kuzunguka ni nyingi humu. Mwalimu endelea, ila usisahau kutuambia nani analala na bibi usiku.

Mwalimu_wa_Mwanga

Shikamoo mama. Nitakuja kwenye hilo.

Wote hapa tunaijua Reli ya Kati. Ilifika Kigoma 1914, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar. Neva nayo ina reli. Inayotoka chini ya uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu ina urefu wa kama mita nzima, wakati kiwiliwili chake hukioni bila hadubini. Chakula, vipuri, kila kitu kinatengenezwa kwenye kiwiliwili halafu kinasafirishwa juu ya vijiti vyembamba viitwavyo mikrotubuli. Hizo ndizo chuma za reli. Na ili zisitawanyike kuna protini inaitwa tau, imezishika kama mataruma yanavyoshika chuma.

Sasa seli ya kawaida, ngozi tuseme, ikitaka kugawanyika hufanya nini? Inang'oa reli yake yote ya ndani. Vijiti vilevile inavisuka upya kuwa kamba za kuvutia kromosomu, nusu kulia, nusu kushoto. Na ili ving'oke, kinasi za mgawanyiko zinabandika fosfati kwenye protini zinazovishikilia. Ngozi haipati hasara, haina mzigo wa kupeleka mbali.

Neva ikiwashiwa kinasi hizohizo, mataruma yanalegea. Tau inabandikwa fosfati kupita kiasi, inadondoka kutoka kwenye reli, inaanza kujisokota yenyewe kwa yenyewe. Yale mafundo ya Alzheimer ni hiyo tau. Na kuanzia miaka ya tisini, akina Inez Vincent walipoyachunguza, walikuta alama za fosfati zinazofanana na zile zinazoonekana kwenye seli iliyo katikati ya kujigawa. Neva ambayo haijagawanyika miaka sabini ina alama za seli iliyo leba.

Nilimweleza mjomba haya pale Kibirizi akiwa anaziba boti kwa pamba na lami. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama najua Liemba ilivyokuja. Nikasema ndiyo: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, meli mpaka Dar, treni mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Akasema, "Sawa. Ilifunguliwa ikiwa nchi kavu. Sasa mwambie nahodha aifungue ikiwa kati ya Kigoma na Kasanga, na abiria ndani, eti atengeneze meli ya pili. Bolti ya kwanza tu, maji."

Nimefundisha mgawanyiko wa seli miaka kumi na moja. Sijawahi kuueleza vizuri namna hiyo.

Muha_wa_Kasulu

Mjomba apewe shahada yake mchana kweupe.

Fundi_Maabara_Tbr

Nipo Tabora nafuatilia kimyakimya. Mwalimu unaandika vizuri ila unakimbia mno. Kuona askari kila penye ajali si ushahidi kwamba askari ndiye kasababisha. Seli inayokufa inaweza kuwasha vitu vingi ovyo ovyo, saiklini zikiwemo. Pia yale madoa manne: mwaka 2009 kundi jingine lilirudia kupima kwa mbinu tofauti, wakazitenganisha neva na seli za usaidizi, wakakuta viini vyenye DNA maradufu havikuwa vya neva. Hilo umeliruka.

Mwalimu_wa_Mwanga

Sikuliruka mkuu, nilikuwa nalisogeza mbele, ila ni haki ulilete. Utafiti huo upo na ni mzito. Upande wa pili kuna kundi la Thomas Arendt kule Leipzig lililokuta kwamba hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa zipo neva zenye DNA iliyozidi, na kwenye hatua za mwanzo za Alzheimer zinaongezeka. Kwa hiyo kuhesabu madoa peke yake hakumalizi ubishi, na mimi siutumii kama msumari wa mwisho.

Lakini hoja ya askari na ajali ina kipimo chake: mwondoe askari uone kama ajali inatokea. Hilo limefanyika. Neva zikikuzwa maabara halafu zikanyimwa lishe yao, au zikamwagiwa amiloidi, ile protini ya utando wa Alzheimer, zinawasha mzunguko halafu zinakufa. Ukiweka dawa ya kuzuia kinasi za mgawanyiko, nyingi zinapona. Mwaka 2000 walifanya hivyo kwa panya waliokatiwa damu ya ubongo kama kwenye kiharusi, wakapewa flavopiridoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, na neva chache zaidi zikafa. Mwaka 2007 ikaonekana kwamba hata kwa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, njia ya Rb na E2F inashiriki kuua seli. Askari akiondolewa na ajali zinapungua, si anakuwa mtuhumiwa?

Fundi_Maabara_Tbr

Mtuhumiwa nakubali. Hukumu bado.

Mwalimu_wa_Mwanga

Hapo tumepatana.

Na wewe mwenyewe nadhani utakuwa umeliona tundu kubwa zaidi kwenye hoja yangu. Seli za ini nyingi zina DNA maradufu na zinaishi raha mustarehe. Misuli ya moyo hivyohivyo. Kwa hiyo si wingi wa DNA unaoua. Mimi naona tatizo ni mahali seli inapokwama. Seli yenye afya ikishanakili, ikakuta nakala zina makosa, inapewa njia mbili: rekebisha au jiue. Neva ya mzee imekaa miongo na DNA yake bila kuifungua kwa kunakili, na ubongo unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili wakati uzito wake ni asilimia 2 tu. Moto mkali, masizi mengi, majeraha mengi kwenye DNA. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba majeraha ya DNA yenyewe yanaweza kuisukuma neva iingie kwenye mzunguko, kana kwamba inataka kufungua kitabu ili ikirekebishe, halafu inajikuta haina pa kutokea. Mkaguzi anakuja, anakuta stakabadhi zimechanika, anatoa amri. E2F yuleyule aliyefungua mlango ana uwezo pia wa kuwasha jeni za kujiua. Ni mtu mmoja mwenye funguo mbili.

Kuna na kisa cha kromosomu 21, nakitaja kwa kupita: jeni inayotengeneza amiloidi inakaa hapo. Watu wenye ugonjwa wa Down, waliozaliwa na kromosomu 21 tatu, wengi hupata Alzheimer mapema sana. Neva iliyonakili DNA yake ina ngapi? Nne. Sisemi ndiyo sababu. Nasema nilipolifikiria hilo sikulala.

BintiUjiji

Kwa hiyo saratani na Alzheimer ni ndugu?

Mwalimu_wa_Mwanga

Ni ndugu wanaonuniana. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha waliopata saratani hupata Alzheimer kwa uchache kuliko wengine, na wenye Alzheimer hupata saratani kwa uchache. Sehemu inaweza kuwa ni kwa sababu mgonjwa mmoja hafiki umri wa kupata la pili, au kwamba mtu akishapata moja madaktari hawatafuti jingine. Lakini watafiti waliojaribu kuyachuja hayo bado waliona mabaki ya uhusiano.

Dagaa_Mkavu

Basi kazi imekwisha, tumpe bibi dawa ya saratani tulale.

Nesi_Mstaafu

Wewe Dagaa usije ukamuua bibi wa watu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Dawa zinazozuia seli kugawanyika zinazuia zote. Damu inatengenezwa kwenye uboho kila siku, utumbo unajivua ngozi kila siku. Mzee wa miaka sabini na kitu ukimfungia hayo, homa ndogo tu inamwondoa.

Mwalimu_wa_Mwanga

Mama kamaliza. Palbosiklibu, inayozuia kinasi mbili za mlango ule wa G1, ilipitishwa Marekani 2015 kwa saratani ya matiti, na tatizo lake kubwa linalojulikana ni hilohilo la kushusha chembe nyeupe za damu. Na kuna jingine: mtu akianza kusahau chumvi, neva zimeshaanza kupotea miaka mingi nyuma. Utaanza kumpa lini? Kwa nani? Dawa tuliyoandikiwa ni donepezili. Inasaidia kidogo kwenye mawasiliano ya seli zilizobaki, haizuii kufa.

Mama mdogo aliponiuliza, "Kwa hiyo elimu yako yote hiyo, dawa hakuna?" nilimjibu hakuna. Akasema afadhali kule kwingine angalau wanatoa kitu cha kufunga mkononi. Sikumjibu. Yeye ndiye anayemwogesha.

Mzee_wa_Katonga

Mwalimu, nimesoma mpaka hapa mara mbili. Mimi nina miaka 71. Wiki iliyopita nilisahau jina la mkwe wangu mbele yake. Na mimi zinataka kuzaa?

Mwalimu_wa_Mwanga

Mzee wangu, ulikumbuka baadaye?

Mzee_wa_Katonga

Nilipofika kwenye kona tu.

Nesi_Mstaafu

Basi huo ni uzee wa kawaida, kaka yangu, hata mimi ninao. Tunachokiogopa ni mtu kusahau njia ya nyumbani aliyoipita miaka arobaini, kurudia swali moja mara kumi kwa saa, kushindwa kazi aliyoifanya maisha yote. Ila kapime presha na sukari. Mishipa ya damu ya ubongo ikiharibika nayo inaleta kusahau, na hiyo tuna namna ya kuichelewesha. Kapime na masikio. Usiende peke yako, nenda na huyo mkwe.

Na mwalimu bado hujanijibu. Usiku nani yupo?

Mwalimu_wa_Mwanga

Mama mdogo na binti yake, kwa zamu. Tulijaribu kufunga mlango kwa kufuli, bibi akawa anaugonga mpaka mikono inavimba.

Nesi_Mstaafu

Ondoeni kufuli. Moto ukiwaka je? Fungeni kengele ndogo mlangoni, ile ya mbuzi inatosha, aamke anayelala naye. Tundikeni pazia rangi sawa na ukuta juu ya mlango, wengi wao wakiona ukuta hawatafuti mlango. Mchana mpeni kazi, achambue mchele, akunje vitenge, apate na jua. Jioni asilale mapema. Akisema anawahi meli msimwambie hakuna meli. Muulizeni anapeleka nini, anauza kwa nani. Ataongea mpaka achoke, mtamrudisha kitandani mwenyewe.

BintiUjiji

Hili la pazia nalichukua. Kwetu ni babu, yeye huwa anakwenda kufungua ng'ombe ambao tuliwauza zamani.

Mwalimu_wa_Mwanga

Nimeandika yote mama. Kengele ya mbuzi naipata Jumamosi sokoni.

Karabai_Saba

Wakuu, mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Ila hii ya dumu kichwani saa nane usiku… mwalimu, ilikuwa siku za giza, mwezi haujatoka, tulikuwa tunateremka kwenda kuvua?

Mwalimu_wa_Mwanga

Ndiyo. Kumbe wewe ni mmoja wao?

Karabai_Saba

Tulikuwa wanne. Mwanzo tuliogopa, nakwambia ukweli, mwenzetu mmoja alishaanza kusoma dua. Halafu akatusalimia vizuri, akatuuliza dagaa siku hizi tunauza bei gani. Tulipomtajia akasema tunaibiwa. Akakaa chini pale pale njiani kutufundisha kupima. Tulichelewa kuingia majini karibu saa nzima.

Mwalimu_wa_Mwanga

Huyo ndiye yeye hasa. Ijumaa jioni nipo Ujiji mkuu, pita nyumbani. Njoo na dagaa kidogo, ila bei utaelewana naye mwenyewe.